Mbuzi, Paa, Tai

Ukumbi ulijaa watu waliokuja kusikiliza chemshabongo. Muulizaji, Bwana Shekue, alipomfikia Mwanamvua, mtalaka wake, alitabasamu kwa dharau.

“Kifaa cha kukunia nazi?”

“Mbuzi.”

“Kinachofunika nyumba?”

“Paa.”

“Wasomi huvaa nini shingoni?”

“Tai.”

“Majibu hayo yanahusiana vipi? Fikiri, kama unaweza.”

Watu walicheka. Mwanamvua alimtazama kama anayetazama chakula kilichochacha.

“Kwako wewe, yote ni majina ya viumbe. Kwangu mimi, uliponiacha ulibeba mbuzi yangu, ukang'oa na mabati ya paa. Tai hiyo uliyovaa niliinunua mimi.”

Kicheko kilikatika. Mwanamvua alishuka jukwaani bila kungoja alama zake. Nyuma yake, kipaza sauti kilisambaza ukumbini pumzi za Shekue.