Watu Ishirini na Saba kwa Ajili ya Layla

Watu ishirini na saba walishuka mbele ya nyumba ya Mzee Ilyasi, mjini Gitega, wote wamevaa vizuri, wote wamekuja kuomba radhi kwa kosa la mtu mmoja. Majirani walidhani ni msiba. Mzee Ilyasi alitoka, akawatazama, akaagiza mikeka iazimwe nyumba ya pili.

Mwenye kosa alikuwa mkwewe, Rachid, fundi cherehani wa Muyinga. Fundi wa jina tu. Suruali za watu zilingoja vifungo huku yeye ameinamia simu, akipigana vita vya mchezo wa mtandaoni. Huko alikuwa na ngome na maelfu ya askari, na watu asiowajua walimwita Jemadari. Sokoni Muyinga walimwita Kesho, maana ndilo jibu alilompa kila mteja.

Alikuwa na kanuni moja, na aliyekaa karibu naye aliisikia, atake asitake. Ukimvamia mwenye askari mia kwa askari mia na ishirini, utashinda, lakini utarudi na wachache. Mpelekee elfu moja, utapoteza watano tu. Jeshi kubwa, hasara ndogo. Aliyeuliza kama hesabu hiyo inashona suruali alionekana mjinga.

Jioni moja mtoto wao, Riziki, alishikwa na homa kali. Layla, mkewe, alimwambia Rachid ainuke wampeleke mtoto hospitali.

"Subiri kidogo," Rachid alijibu bila kuinua macho. "Jeshi iko njiani."

Layla hakusubiri. Alimbeba mtoto mgongoni, akaenda peke yake. Riziki alipopata nafuu walipita nyumbani, wakamkuta baba mtu amelala fofofo, simu kifuani. Layla akakusanya nguo, akapanda gari la Gitega, kwa wazazi wake.

Hapo ndipo mtaa ulipoona maajabu. Tangu siku ile, Rachid hakucheza mchezo wake hata mara moja. Aliishika simu, akaitazama, akaitupa kitandani. Akakonda. Kutwa alimpigia mkewe, na mkewe hakupokea. Mwisho alikwenda kwa baba yake mdogo, Mzee Waziri, akalia mbele yake, mwanamume mzima na ndevu zake.

"Baba mdogo, mi siwezi tena. Kila siku niko napoteza. Tukichelewa, sitakuta kitu."

Mzee Waziri hakuwa amewahi kuamini neno la Rachid tangu anaanza kusema, lakini safari hii aliamini. Hata wanawake waliokuwa wakimsengenya walilainika, wakasema kumbe hata huyu ana moyo. Msikitini aliombewa dua.

Desturi inajulikana. Mke akirudi kwao kwa hasira, mume hamwiti kwa simu. Anamfuata na wazee wake na kitu cha kunywa, kosa linakiriwa mbele ya wakwe, ndipo anapewa mkewe. Mzee Waziri alisema watu watatu wanatosha. Rachid akamtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama kuku akivuka barabara.

"Watatu? Watatukalia kooni. Tukienda wengi, hatupotezi kitu."

Basi akakusanya wajomba, majirani, na wateja, ambao walikubali kwa sababu suruali zao bado zilikuwa kwake. Alimchukua hata muuza baiskeli mmoja wa Mutaho aliyekuwa amekuja Muyinga kwa shughuli zake. Wingi si hoja, lakini nani angemweleza Jemadari?

Gitega walikaa uani, kreti za Fanta katikati. Mzee Waziri alisema vizuri, akakiri yote, hata la homa ya mtoto. Angeishia hapo ingetosha. Lakini jeshi lililetwa lifanye kazi, kwa hiyo kila mmoja alitaka zamu yake. Muuza baiskeli aliapa kwamba anamjua Rachid tangu utoto na hajaona mume bora. Mzee Ilyasi alimsikiliza kwa adabu, akamwongezea Fanta.

Kisha akamgeukia mkwewe. Alimwambia kwamba yeye hataki maneno mengi, anataka moja tu. Ule mchezo umeuacha au hujauacha?

"Wallahi, baba mkwe, tangu siku aliyoondoka sijaucheza."

Alisema kweli, na uso wake ulionyesha. Watu waliguna kwa kuridhika.

Nyuma ya pazia, Layla alisikia kiapo kile. Begi lake lilikuwa tayari tangu asubuhi, na Riziki alikwishavaa viatu. Alikuwa amemkasirikia sana Rachid, na bado alimpenda, na hilo lilimkera kuliko homa, vita na suruali zote kwa pamoja. Alitaka kurudi kwake. Alitaka kuombwa tu, mara moja, na mtu anayemtazama usoni.

Baba yake alipomwita, alitoka na begi mkononi na mtoto ubavuni. Watu wote walisimama. Mzee Waziri alifuta macho kwa ncha ya kanzu.

"Mkeo huyu," alisema Mzee Ilyasi. "Mwambie mwenyewe ulichokuja kumwambia."

Rachid alisogea hadi karibu naye. Machozi yalimlengalenga. Alimtazama Layla usoni kama ambavyo hakuwa amemtazama kwa muda mrefu. Aliongea kwa sauti ya chini, lakini ua ulikuwa kimya, na wote walisikia.

"Layla, chonde. Lile neno la siri la mchezo, ulilobadilisha siku ile nimelala. Nipe."

Layla alimtajia herufi moja moja, polepole, asije akakosea. Kisha akachukua begi lake, akamshika Riziki mkono, akarudi ndani.