Jina la Mwisho kwenye Orodha

"Mwalimu, leo hujaita majina."

Mhadhiri alikuwa ameshageukia ubao, chaki mkononi. Aliyesema ni yule mwanafunzi mtu mzima wa safu ya mbele, mama wa makamo ambaye vijana walimbandika jina la Bi Piramidi, maana somo la Misri ya kale hakulikosa hata inyeshe mvua ya mawe.

"Nimeshakuona, mama, upo. Leo tumechelewa, tuendelee."

"Lile la mwisho tu, mwalimu. Nakuomba."

Darasa zima likaangua kicheko. Mhadhiri naye akacheka, kwa kuwa mwenye makosa ni yeye. Wahadhiri wenzake walipitisha karatasi, wanafunzi wakatia saini, basi. Yeye na ukongwe wake alisimama kila somo akasoma majina sitini kwa sauti, moja moja, kama karani wa mahakama. Haya, akachukua orodha, akalisoma la mwisho. Mama akainua mkono, akaushusha taratibu, akafumba macho kidogo. Somo likaendelea.

Wiki ya tisa mhadhiri alihesabu insha akakuta hamsini na tisa. Iliyopungua ilikuwa ya Bi Piramidi. Akapekua daftari la alama: jaribio la kwanza, patupu, la pili, patupu. Ndipo alipokumbuka kwamba hajawahi kumwona ameshika kalamu. Mikono yake siku zote ilitulia juu ya faili la kijani ambalo halikufunguliwa hata mara moja. Na ofisi ya masomo haikuwa na mchezo: asiyeleta kazi hata moja jina lake linafutwa, na fomu zilitakiwa Ijumaa.

Akamwita ofisini kwake, akaondoa vitabu kwenye kiti cha mgeni, akamkaribisha.

"Mama, mimi si mtu wa kumvunja moyo mtu mzima aliyerudi shule. Lakini umenibana. Ijumaa itabidi nilifute jina."

Mama akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Weka sifuri, mwalimu. Sifuri kila mahali, sitalalamika. Jina liache."

"Sifuri ya nini, na hakuna kilichoandikwa? Kwani hapa unakuja kufanya nini?"

"Kusikiliza."

"Enhe, na umesikia nini?" Aliuliza kwa ukali, akajuta papo hapo.

"Wiki ya kwanza ulisema wale watu wa kale walichonga majina mlangoni mwa makaburi," akasema mama bila kusita, "wakamwomba mpita njia ayasome kwa sauti. Ulisema waliamini kwamba jina likiendelea kutamkwa, mwenyewe hajaondoka kabisa."

"Ebo! Ungeandika hayo hayo, ningekupa alama za juu!" Mhadhiri akapiga meza kwa furaha. Kisha akaona machozi yanamdondoka mama juu ya lile faili, akaionea haya furaha yake. Akasogeza kiti karibu.

"Samahani, mama. Unaumwa? Au una mgonjwa nyumbani? Kama una cheti chochote, nipe, nitakupigania mpaka mwisho. Wale watu wa ofisini machozi hawayaelewi, wanaelewa karatasi."

"Cheti ninacho."

"Unacho? Tangu lini?"

"Nilikuja nacho siku ile ya kwanza kabisa. Nilikuwa nakipeleka huko huko ofisini. Nikapita mlangoni kwako, nikakusikia unaita majina, miguu ikagoma kwenda mbele."

"Jamani, mama! Ungekitoa siku hiyo tusingefika hapa." Mhadhiri alishusha pumzi. Kichwani alishaanza kutunga barua ya kumtetea. "Lete, lete, tuyamalize."

Mama akalifungua faili la kijani. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu, imekunjwa mara nne. Aliishikilia kitambo, kama mtu anayeombwa kitu cha mwisho alichobakiwa nacho. Kisha akaitoa.

"Kisome kwa sauti, mwalimu. Kama unavyosoma darasani."

Mhadhiri akavaa miwani, akaikunjua, akaanzia kwenye jina. Lilikuwa ni lile lile la mwisho kwenye orodha, akalisoma kwa sauti yake ya darasani, na mama, kwa mazoea, akainua mkono.

"Umri," mhadhiri akaendelea, "miaka kumi na tisa." Akanyanyua macho, akazitazama mvi za mama, akarudi kwenye karatasi. Mstari uliofuata akausoma nao kwa sauti: tarehe ya kifo, wiki mbili kabla ya somo la kwanza.