Bamba la Nyuma ya Ukanda

Mwaka ule wa 1974, bamba la chuma lililoegemewa na ukanda wa msasa wa mashine ya kunolea lilikuwa limelika katikati, na kila kisu alichonoa mume wa Nyanchera kilitoka na tumbo, ubavu wake umevimba badala ya kunyooka. Alipompelekea uji kwenye karakana yake pale Keroka, alimkuta akichagua bamba jingine.

Mezani palikuwa na vipande viwili: chuma cha kawaida, na springi ya lori aliyoinyoosha motoni. Mumewe alisimamisha rula juu ya kile cha kwanza, akakiinua kuelekea dirishani.

"Kimenyooka," alisema. "Hakuna mwanga unaopita."

Nyanchera, akiwa bado mlangoni, aliuona mwanga huo chini ya rula, mpana kama jani la nyasi.

Aliweka uji chini, akachukua rula, akaipima springi. Hapakupita mwanga hata kidogo. Akamwekea mumewe kipande hicho kiganjani, akamshika kidole gumba, akakipitisha juu yake polepole, ncha hadi ncha.

"Ni hiki, Baba Omwenga. Kigumu, na hakitalika upesi."

Mumewe aliinamisha kichwa.

"Macho yameanza kufifia lini?" Nyanchera aliuliza.

"Tangu msimu wa palizi. Niliogopa utaniambia niache kazi."

Nyanchera alivuta kigoda mpaka kando ya mashine, akaketi.

"Funga bamba lako kwenye mashine," alisema. "Kutazama niachie mimi."