Mkeka wa Msikiti

Mwaka ule wa nzige, pale Shinyanga, Nyamizi aliukuta mkeka wake umetandikwa uani kwa msimamizi wa msikiti, karanga zimeanikwa juu yake. Aliujua kwa ule ukili mwekundu wa pembeni, aliousuka mpaka vidole vikachubuka, akautoa wakfu ili thawabu zimfikie marehemu mumewe.

"Shikamoo, mzee. Mkeka huu niliutoa msikitini."

"Ukishatoa si wako tena!" akafoka yule mzee, hata marahaba hakuitikia. "Umesilimu juzi tu, leo unifundishe sheria?"

"Si wangu, kweli. Ni wako?"

Mkewe akacheka kutoka jikoni. "Mpe konzi ya karanga huyo Msukuma, aende zake!"

Nyamizi akaukung'uta mkeka, karanga zote zikamwagika mavumbini. Akaukunja, akajitwika hadi msikitini, mzee akimfuata kwa matusi. Wanaume waliokuwa wakitawadha kwa ajili ya alasiri wakaduwaa.

"Mwanamke haingii humo!" mzee akapiga kelele.

"Basi utandike wewe, wenzako wakikuona."

Mzee hakunyoosha mkono.

Nyamizi akafuta nyayo zake kwa upindo wa kaniki, taratibu, kisha akatanguliza mguu wa kulia.