Kengele Ndani ya Kinanda

Tangu shule hii ijengwe hapa Ruiru, haijapatwa na fedheha kubwa kama ile ya Jumatano. Ili kuichunguza, aliteuliwa kijana mwenye akili pevu, jicho kali na jina lisilo na doa: Githae wa kidato cha tatu, mpiga kengele. Kusema kweli, alijiteua mwenyewe.

Upigaji kengele si kazi ya mchezo. Kengele yetu ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo. Ukishaigonga mara tatu huyumba ikaenda mbali, nawe hungoja irudi ndipo uendelee.

Jumatano ni siku ya chapati. Naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Njau, alikuwa amemaliza ukumbini, mbele ya shule nzima, mambo yake kumi na mawili kuhusu nidhamu. Akafumba macho aombe, akampa Sifuna, mpiga kinanda wa bendi ya shule, ishara. Sifuna akabonyeza kitufe ili kinanda cha umeme kicheze wimbo wa taratibu aliokuwa amekipangia, noti baada ya noti.

Kinanda kikapiga kengele ya chakula.

Wanafunzi mia sita walitoka kabla ya amina.

Sasa ilisemekana kwamba Jumamosi bendi itakwenda tamasha la Thika bila Sifuna, aliyelifanyia mazoezi muhula mzima. Githae akamzunguka kama paka azungukavyo sufuria.

"Kinanda unacheza wewe, kitufe ulibonyeza wewe. Sema tu, tulale."

"Wacha hizo, Githae. Mimi hukaa mbele kabisa, mbali na mlango. Nijipigie kengele ndio nifike jikoni wa mwisho?"

Githae akaandika: Anajibu haraka mno. Alimshuku hata mpishi, kwa kuwa siku hiyo chapati zilikuwa tayari mapema.

Madam Auma wa muziki hakusema anamshuku nani. Aliwaita wote wawili mbele ya kinanda.

"Kila mmoja aniingizie kengele ya chakula. Noti moja moja, kama mnavyoikumbuka."

Sifuna aliingiza mapigo mfululizo, taa za kinanda zikawaka zote bila pengo. Ndivyo kila mtu aikumbukavyo kengele hiyo. Likilia pigo la tatu, tayari yuko mbioni.

Githae aliingiza yake kwa madaha ya fundi. Taa tatu zikawaka, ya nne ikabaki giza, kisha nyingine zikafuata.

Madam Auma akafungua mpangilio wa Jumatano. Taa tatu. Giza. Kisha nyingine.

"Githae," akasema taratibu, "kinanda hakiyumbi."

Akampa karatasi aandike yote yaliyotokea. Ameisoma hadi hapa, akanirudishia: niandike upya, nianze na neno "mimi".

Mimi ndiye niliyeiingiza. Sifuna aende Thika.