Kunguni wa Ploti ya Mbuthia

"Shem, usipumue," Benard alisema, na Filister akabana pumzi huku kunguni akimnyonya mkono.

Ilikuwa mchana, ila pazia lilikuwa limefungwa na blanketi limetundikwa mlangoni, maana kunguni hapendi mwanga. Mwenye njaa hukimbia, aliyeshiba hutulia. Kwa hivyo ilibidi mtu aliwe. Filister alijitolea mwenyewe, kwa sababu aliyekuwa akiliwa siku zote ni Daisy, mtoto wake mchanga, na mgongo wa Daisy ulikuwa umejaa mabaka. Hilo lilimuuma kuliko kunguni yeyote.

Benard, shemeji yake kutoka mtaa wa Lindi, hapo hapo Nairobi, alikuwa mpiga picha wa harusi na ubatizo. Pale Soko la Toi alikuwa ameuziwa pete tatu nyeusi za kufunga kati ya kamera na lenzi. Hazikuwa na kioo. Ukichungulia unaona upande wa pili. Wenzake walimcheka kwamba amenunua hewa. Lakini lenzi ikisogezwa mbali na filamu namna hiyo, kamera huweza kukaribia kitu kidogo mpaka kikajaa picha nzima. Kazi ni kutotikisika, maana ukiyumba kidogo tu mdudu anapotelea kwenye ukungu.

Benard akasogea mbele, akarudi nyuma, akasogea tena. Flashi ikawaka.

"Poa! Nimemdaka."

Mbuthia, mwenye ploti hiyo ya nyumba za kupanga mtaani Kongo, Kawangware, alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba kwake hakuna kunguni, kuna wanawake wachafu. Filister akaapa kumwaibisha. Hakumwogopa hata kidogo. Mwaka uliotangulia, wa tisini na tano, Mbuthia alitaka wapangaji wahame ajenge ghorofa. Wakaenda kwa chifu, chifu akasema mpangaji hafukuzwi bila sababu, na tajiri akafyata mkia. Aliyeshindwa mara moja hashindwi mara ya pili?

Picha ilipooshwa na kupanuliwa ikawa kubwa kama kalenda ya kanisa. Mbuthia akavaa miwani, akacheka mpaka machozi.

"Mama Daisy, huyu ni kobe! Mnyama mkubwa hivi si angekuwa amemaliza mtoto? Nitajuaje ni kadogo?"

Hata wapangaji wengine walicheka. Filister aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Siku iliyofuata akanyoosha mkono tena, na safari hii Benard akalaza njiti ya kibiriti kando ya mdudu. Kichwa cha njiti kikatoka kama kiazi, na kunguni kando yake, mdomo, nywele na tumbo lenye damu.

"Haya, ni kunguni," Mbuthia alikubali. "Lakini ni wako. Ulimtoa ushago, huko kijijini kwenu, na godoro lako. Nyumba zingine ziko safi. Ama mko na picha?"

Maneno hayo yaliwachoma wote. Kalekye, jirani aliyekuwa akiapa kila siku kwamba kwake hamna mdudu, akainua godoro mwenyewe. Urbanus, wa mlango mwingine, akatoa mguu uliwe. Majirani wakaanza kugombana ni nani mwenye kunguni mnene zaidi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Benard alisifiwa na picha zikazidi kuwa safi. Hakuna mlango uliobaki bila picha yake.

"Mimi picha za wapangaji siamini," Mbuthia akasema, akitikisa kichwa. "Nitaamini afisa wa afya peke yake. Muiteni, kama mnaweza."

Wakamwita. Picha zikabanwa kwenye kamba ya nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Afisa akatazama ya kwanza, akajikuna shingo. Alipofika katikati ya kamba alikataa kiti alichopewa. Alipofika mwisho alikuwa amechomeka suruali ndani ya soksi.

"Landlord, sema sasa," Filister alidai. "Kunguni wako ama hawako?"

Mbuthia aliinamisha kichwa. "Wako. Nyumba zote. Nimeshindwa."

Vigelegele vikapasua ua. Filister akamrusha Daisy juu, akamdaka, akalia kwa furaha. Tangu aje Nairobi hakuwahi kusikilizwa hivyo.

Afisa akainua mkono. Ploti hii yote, alisema, haifai kukaliwa na binadamu. Kila mlango utapigwa alama ya X leo hii, watu watoke, nyumba zibomolewe. Akauliza kama kuna mtu anayeweza kumtafutia rangi nyekundu.

Mbuthia alikuwa ameshafungua buti ya gari lake. Ndani mlikuwa na mkebe wa rangi nyekundu, na brashi mpya, bado iko kwenye karatasi yake.