Zaituni Mbichi

Tangu alfajiri Shaame alikuwa akikanyaga baiskeli, mpaka mapaja yakawa kama si yake. Houston ilibaki mbali nyuma. Sasa aliegemea mzaituni, wa kwanza kuugusa maishani, akachuma tunda moja jeusi na kulitafuna.

Lilikuwa chungu kama shubiri. Ulimi ukafa ganzi.

Kwenye simu, kule Unguja, mama yake alikuwa akisubiri. "Mti uliotajwa kwenye Kurani, mwanangu. Haya, niambie, tunda lake likoje?"

Mwaka wa tisa huu tangu aondoke nyumbani, kila kitu cha Marekani mama alikiulizia hivyo hivyo.

"Tamu, mama."

"Alhamdulillahi. Basi ukija, niletee."

Shaame akafumba macho, akalimeza pamoja na kokwa yake.